Ahadi ni Deni, Hata Ikitoka kwa Kampuni

Ukisikiza redio kwa matatu ya Machakos kwenda Nairobi, utasikia tangazo linaloanza polepole na kuisha mbio. Mwanzo ni sauti tamu: jiunge leo, upate. Mwisho ni kama mtu anafukuzwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Kati ya ule mwanzo na ule mwisho kuna historia ndefu, na kipande kizuri cha hiyo historia kimepita hapa kwetu.

Swali lenyewe ni dogo. Kampuni ikikuahidi kitu ndiyo ujiunge, na ukajiunga, hicho kitu ni deni ama ni hisani? Deni unalidai. Hisani unaisubiri, na ikija unasema asante. Kampuni nyingi zingependa uamini ni hisani.

Watu wengi wanajua jina la Machakos linatokana na Masaku. Wachache wanakumbuka kwamba Mwingereza hakuja hapa kwanza kama serikali. Alikuja kama kampuni. Imperial British East Africa Company, ya William Mackinnon, ilipewa hati na Malkia Victoria mwaka 1888, na Machakos ikawa moja ya vituo vyake vya kwanza bara, kabla Nairobi haijakuwa mji. Mawakala wa kampuni walitembea na fomu za mkataba zilizochapwa tayari. Kilichokosekana ni jina la mzee na alama yake. Upande mmoja wa karatasi uliahidi ulinzi na urafiki wa kampuni. Upande wa pili, mzee ambaye hakujua kusoma alikuwa anatoa ardhi na mamlaka.

Kufikia 1895 kampuni ilikuwa imeishiwa. Ikarudisha eneo kwa serikali ya Uingereza na kulipwa jumla ya pauni 250,000, nyingi zikitoka kwa fedha za Zanzibar. Hebu fikiria hapo kidogo. Kampuni ilishindwa na kazi, lakini ilikuwa na hati, kwa hivyo ikafidiwa. Wazee waliotia alama kwa zile fomu hakuna aliyewauliza kama urafiki waliouahidiwa ulifika.

Ofisa mmoja wa hiyo kampuni hapa Machakos aliitwa John Ainsworth. Miaka ya 1890 alikuwa ndiye bwana mkubwa wa kituo. Mwaka 1917 alipewa kazi nyingine: kukusanya wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi katika vita dhidi ya Wajerumani huko Tanganyika. Sheria ya 1915 ilikuwa imeshafanya kazi hiyo kuwa ya lazima, na mshahara ukashushwa hadi kama rupia 5 kwa mwezi. Wakamba walienda, Wakikuyu walienda, Wajaluo walienda. Makumi ya maelfu hawakurudi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi.

Hii haikuwa bonasi ya kujiunga, na wengi hawakujiunga kwa hiari. Lakini angalia vile malipo yalivyoisha. Kila mtu alikuwa na namba, na namba iliandikwa kwa daftari la jeshi. Jina likikosewa, ama kijiji kikikosewa, familia haikupatikana na mshahara wa marehemu ukabaki palepale. Oscar Watkins, aliyesimamia hao wapagazi wakati wa vita, alikuwa kati ya maofisa waliosukuma kwamba pesa zisizochukuliwa zirudi kwa jamii za waliokufa. London ikakataa. Leo wapagazi wana mtaa wa Kariokor Nairobi, wana Kariakoo Dar es Salaam, na wana mwenzao wa shaba pale Kenyatta Avenue. Sanamu walipata. Mshahara wa wengi wao, la.

Daftari lilikuwa moja tu, na lilikaa kwa mdaiwa.

Sasa twende London, kwa sababu wakati Ainsworth akianza maisha yake Machakos, mama mmoja huko alikuwa anaandika historia bila kupanga. Kulikuwa na mlipuko wa influenza. Kampuni moja ikawa inauza kimpira cha kuvuta moshi wa dawa, Carbolic Smoke Ball. Novemba 1891 ikatangaza kwa gazeti: atakayekitumia mara 3 kwa siku kwa wiki 2 kama ilivyoelekezwa, halafu apate influenza, atalipwa pauni 100. Na ndiyo watu waamini, ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 katika Alliance Bank, Regent Street.

Louisa Carlill alinunua kimoja kwa shilingi 10. Akakitumia kila siku kuanzia Novemba 20. Januari 17, 1892, influenza ikampata. Mumewe, aliyesomea sheria, akaandika barua. Kimya. Akaandika tena. Kimya. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa, na jibu lenyewe utalitambua: kampuni ilisema, ili kujikinga na walaghai, mtu anayedai lazima awe anakuja ofisini kwao kila siku kuvuta huo moshi mbele ya karani. Sharti hilo halikuwa kwa tangazo. Lilizaliwa siku ya kulipa.

Mahakamani kampuni ilisema tangazo lilikuwa porojo tu za biashara, hakuna mtu timamu angeliamini. Ikasema pia kwamba mama hakuwahi kuwaarifu kwamba amekubali. Desemba 1892 majaji watatu wa rufaa, Lindley, Bowen na Smith, wakakataa hoja zote. Ukiahidi dunia nzima kwamba atakayefanya hiki utamlipa, yule anayefanya amekubali kwa kufanya. Hahitaji kukupigia simu kwanza. Na huwezi kusema ulikuwa unatania wakati umeweka pesa benki kuonyesha hautanii. Mama Carlill akalipwa pauni zake 100, akaishi hadi miaka 96.

Hii si hadithi ya wazungu tu. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema wazi kwamba sheria ya kawaida ya Uingereza kuhusu mikataba inatumika hapa. Kwa hivyo ile njia iliyotuletea fomu za Mackinnon ndiyo hiyo hiyo iliyotuletea Carlill. Fomu tulipewa mapema. Carlill imebidi tuitafute wenyewe.

Niliitafuta kwa sababu ya dadangu. Yeye ni mwalimu, ana payslip, na mtu mwenye payslip hufuatwa hadi staffroom. Benki moja, sitaitaja, ilituma kijana na makaratasi ya rangi: chukua kadi yetu ya mkopo, tumia shilingi 40,000 ndani ya siku 90, tukurudishie 6,000. Dada si mtu wa kadi. Lakini mama alihitaji mabati kule Kangundo, na 6,000 ni 6,000. Alinunua mabati kwa kadi, viatu vya watoto kwa kadi, unga kwa kadi. Siku ya 90 alikuwa amefika 43,200.

Siku ya 100, hakuna kitu. Akapiga simu akaambiwa, "Mwalimu, kampeni iliisha." Akapiga tena, sasa ikawa mabati hayahesabiwi. Mara ya tatu ikawa subiri mwezi ujao. Kila simu ilikuja na sharti jipya, na hakuna hata moja lililokuwa kwa karatasi ya yule kijana. Hilo tulilijua kwa sababu Dada alikuwa ameihifadhi, imekunjwa ndani ya kitabu chake cha rekodi ya kazi, pamoja na risiti.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na hapa mjini ukiacha chuo watu wanakuhesabu kama mtu asiyeweza kuandika barua rasmi. Niliiandika. Ilikuwa na aya nne: mliahidi nini na lini, tulifanya nini na lini, mnadaiwa shilingi ngapi, mna siku 14. Chini nikataja Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji na kufidiwa akipata hasara, na kinacholiagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya ukweli. Nikataja Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, inayokataza madai ya uongo kwa mteja. Nikamalizia na Mahakama ya Madai Madogo: inasikiza madai ya hadi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Nakala moja ikaenda tawi lao, wakaigonga muhuri. Usiache barua bila muhuri.

Siku ya 11 pesa ziliingia, 6,000 kamili. Ujumbe ulisema zimetolewa "kwa hisani ya benki."

Dada alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Mimi lile neno lilinikaa kooni. Kumbe wanaweza kulipa deni lote na bado wakatae kuliita deni. Hawafanyi hivyo bure. Wakiliita hisani, mwalimu wa meza ya pili kwa ile staffroom, aliyetumia 50,000 na kutupa karatasi, hana cha kudai. Wamemlipa aliyeandika ndiyo wasilazimike kuwalipa wote.

Sisemi kwamba karatasi inashinda kila mara. Mei 25, 1992, Pepsi kule Ufilipino ilitangaza namba ya ushindi, 349, na zawadi kubwa ilikuwa peso milioni 1. Kumbe namba hiyo ilikuwa imechapwa kwa mamia ya maelfu ya vifuniko. Watu waliandamana, magari yakachomwa, watu wakafa. Kesi zikaenda hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na wenye vifuniko wakashindwa. Sababu moja ilikuwa kwamba kando ya namba kulikuwa na kodi ndogo ya usalama, na masharti ya shindano yalikuwa yameitaja tangu mwanzo. Tofauti na Carlill iko hapo. Sharti lililokuwepo siku ya kujiunga linaweza kukumaliza. Sharti lililozaliwa siku ya kulipa halikuhusu. Ndiyo maana yale maneno yanayosomwa mbio kwa redio ndiyo ya kusoma polepole.

Na kuna nguvu nyingine, ile ya kudai pamoja. Mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizokaa zaidi ya miaka 3 zitaanza kufutwa Januari 2023. Wakenya walipiga kelele, kila mtu na hesabu ya pointi zake, na kampuni ikauweka huo mpango kando. Mteja mmoja analalamika kwa simu na anajibiwa na wimbo wa kusubiri. Wateja wengi wakiuliza swali moja siku moja, mtu wa juu anashuka kujibu.

Wapagazi wa 1917 hawakuwa na nakala. Hakuna aliyewapa karatasi ya kukunja, na aliyekuwa na daftari ndiye aliyekuwa anadaiwa. Sisi tuna simu zenye kamera. Piga picha tangazo siku unajiunga, na tarehe ionekane. Hifadhi masharti ya siku hiyo, si ya leo. Andika kabla ya kupiga simu, na ukipiga simu andika jina la aliyejibu. Halafu mkilipwa, warudishie barua moja fupi: asante kwa kulipa deni. Litaje hivyo, na umpe nakala mwalimu wa meza ya pili.