Bahari Ilivyofika Kakamega

Tangi langu lina lita 120. Liko sebuleni, Amalemba, kati ya kochi na kabati la vyombo, na maji yake ni ya chumvi. Majirani wakiingia huuliza kama nafuga tilapia. Nikiwaambia ni matumbawe huinama, wakaangalia kile kipande cha kahawia chenye ukubwa wa kidole gumba, kisha wakaniangalia mimi. Jirani mmoja aliniuliza wazi: "Sasa hii utakula lini?"

Namwelewa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Tuna msitu, tuna mvua ya alasiri, tuna radi za kutosha kugawia kaunti jirani. Bahari hatuna. Lakini nilipoanza kusoma ili nisiue kile nilichonunua, niligundua kwamba bahari imekuwa ikifika huku kitambo sana kabla yangu.

Chukua Mumias. Kufikia miaka ya 1880, misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikitua Elureko, makao ya Nabongo Mumia, ikitafuta pembe za ndovu. Joseph Thomson alipita hapo mwaka wa 1883. Askofu Hannington naye alipita mwaka wa 1885, akielekea Busoga alikouawa. Misafara ilibeba vitambaa, shanga, nyaya, na pia kauri, zile simbi zilizokuwa pesa halisi kule Buganda. Sasa kauri ni nini? Ni gamba la konokono wa baharini, na makao yake ni kwenye miamba ya matumbawe. Yaani, vipande vya mwamba wa bahari vilitembea kwa miguu hadi huku, vikiwa kwenye mizigo ya wapagazi, kabla reli haijafika Kisumu mwaka wa 1901.

Kukhu wangu anaishi nje kidogo ya Mumias. Alipokuja kuona tangi, hakuuliza habari ya kula. Alichovya kidole, akaonja.

"Hii ni chumvi ya duka?"

"Hapana, Kukhu. Ni ya bahari, ya kuchanganya."

"Sisi tulikuwa na yetu."

Alimaanisha musherekha. Unachoma maganda ya maharagwe, au maganda ya ndizi, au matete ya mtoni, unapata jivu. Jivu unaliweka kwenye chombo chenye matundu, unamwagia maji pole pole, na yanayodondoka chini ndiyo munyu wenyewe. Mrenda bila musherekha, wazee watakuambia, ni majani tu. Kikemia ni chumvi tofauti na ya mezani: jivu la mimea lina potasiamu kwa wingi, wakati chumvi ya bahari ni sodiamu zaidi. Watu wa huku walikosa bahari, wakajitengenezea chumvi yao kutoka kwa mimea.

Mimi nilikuwa mjinga kuliko wao. Nilidhani pakiti kadhaa za chumvi ya jikoni zitatosha. Jamaa wa Nairobi aliyenifunza hii kazi alicheka mpaka akakata simu. Chumvi ya jikoni imeongezwa madini ya joto, na imekosa kalsiamu, magnesiamu na vitu vingine ambavyo viumbe wa bahari wanategemea. Unahitaji chumvi maalum, kama gramu 35 kwa kila lita, kwenye maji yaliyochujwa vizuri. Halafu unangoja. Wiki nne, wiki sita, tangi likiwa halina kitu cha kuonyesha wageni, bakteria wakizaliana kwenye mawe ili waweze kugeuza amonia, ambayo ni sumu, iwe nitrati isiyo kali sana. Watu wengi hushindwa hapo. Si pesa inayowashinda, ni kungoja.

Wa kwanza kufaulu jambo hili kwa matumbawe hakuwa mwanasayansi wa chuo. Alikuwa mama wa nyumbani jijini London, Anna Thynne, mke wa kasisi. Mwaka wa 1846, akiwa Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, alichukua matumbawe madogo, akayabeba hadi London ndani ya mtungi wa mawe. Hakukuwa na pampu wala umeme. Ili maji yapate hewa, ilibidi yamiminwe kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi, kila siku. Baadaye aliongeza mimea ya baharini isaidie kutoa hewa, na akayaweka hai kwa miaka kama mitatu. Lakini ile kazi ya kumimina ilifanywa na kijakazi wake. Katika masimulizi niliyosoma, Bi Thynne ana jina. Kijakazi anatajwa kwa kazi yake tu.

Miaka zaidi ya mia baadaye, mwaka wa 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyokuwa akifuga matumbawe kwa mbinu rahisi mno: mawe hai kutoka baharini, jua, na mapovu ya hewa. Watu wengi wenye matangi leo bado wanatumia wazo hilo la mawe hai.

Na sisi wenye miamba yenyewe? Pwani yetu imelijua tumbawe kwa karne nyingi, ila kwa matumizi mengine. Kuta za Gedi ni mawe ya matumbawe. Nyumba za kale za Lamu vilevile, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Tumbawe lililo hai lilianza kulindwa na serikali baadaye sana: hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka wa 1968. Halafu ukaja mwaka wa 1998. Maji yalipata joto kupita kiasi kwa wiki nyingi, matumbawe yakatema vile vimwani vidogo vinavyoyalisha, yakabaki meupe kama mifupa. Sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Leo, kule Wasini, wenyeji wanapanda vipande kimoja kimoja chini ya maji, kama mtu anayepanda viazi vitamu.

Kwa hivyo tafadhali, usije ukang'oa tumbawe ufukweni ukalitia ndooni. Vyangu vilikuwa vipande viwili vya tumbawe laini, vilivyokatwa kwa lile lililokulia kwenye tangi la yule jamaa. Vilikuja na basi la usiku, ndani ya flaski ya chai.

Mwezi wa tatu, mvua ilipiga na stima ikapotea. Hita ikazima, pampu ikazima. Maji yalikuwa nyuzi 26. Saa nne usiku yalikuwa 24. Mimi na binamu yangu tulifunika tangi kwa blanketi, tukaweka chupa za maji moto ndani, kisha tukaanza kuchota kwa jagi na kumimina kutoka juu ili hewa iingie. Dakika kumi yeye, dakika kumi mimi. Saa nane usiku mkono haukuwa wangu tena. Nilimkumbuka yule kijakazi wa London, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nani aliweka yale matumbawe hai.

Stima ilirudi alfajiri. Maji yalikuwa nyuzi 21. Kipande kikubwa kiliyeyuka baada ya siku mbili, kikanuka nyumba nzima. Kile kidogo kilijikunja, kikakaa hivyo karibu wiki, kisha kikafungua tena.

Nilimpigia Kukhu nikamwambia kimoja kimekufa. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na ukisafiri, nani atakimiminia?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya miamba inayokufa na umuhimu wa kuitunza, lakini yeye alikuwa ameuliza swali la maana zaidi. Nimenunua pampu ya betri. Pia nina daftari karibu na tangi, la kuandika joto na chumvi kila asubuhi. Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe ya usiku ule, nyuzi za maji kila saa, na majina mawili ya waliomimina. La binamu yangu liko juu.