Kampuni ya Roketi Katika Nchi ya Shaba

Mwalimu, tafadhali tundika ramani ya Afrika mahali ambapo kila mtu ataiona, kisha umwite mmoja aonyeshe kwa kidole ziwa Tanganyika. Sasa avuke ziwa kwenda magharibi. Hapo ndipo habari yetu ya leo ilipotokea.

Nchi hiyo ni Kongo, ambayo tangu mwaka 1971 mpaka 1997 iliitwa Zaire, na mkoa wenyewe ulikuwa Katanga, uliokuwa mkoa mmoja mpaka mwaka 2015, ambao siku zile uliitwa Shaba. Watu wake wengi husema Kiswahili kama sisi, ingawa si kile cha Unguja.

Mwaka 1975 Mjerumani mmoja, fundi wa roketi, jina lake Lutz Kayser, alianzisha kampuni iliyoitwa OTRAG. Roketi, kama mjuavyo, ni chombo kinachopaa kwa nguvu ya moto utokao nyuma yake. Mpaka wakati ule kazi ya kurusha vyombo mpaka juu kabisa ilikuwa ya serikali kubwa. Kayser alitaka kuifanya biashara, kama mwenye lori achukuavyo mizigo ya watu kwa nauli. Roketi yake ilikuwa mabomba yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na ndani yake mna mafuta na asidi kali. Hata vali za kufungulia mafuta zilizungushwa na mota ndogo zile zifutazo kioo cha motakaa wakati wa mvua! Mimi hulipenda sana jambo hili. Fundi yeyote wa gereji angeielewa roketi hiyo.

Lakini roketi yataka mahali pa kurushia, tena pasipo na watu wengi. Serikali ya Rais Mobutu ikaipa kampuni eneo katika Shaba, kadiri ya kilometa za mraba 100,000, ilitumie mpaka mwaka 2000. Ukitaka kufahamu ukubwa wake, chukua Rwanda uiunganishe na Burundi: bado hazifiki. Hati ya mapatano iliipa kampuni uhuru wa ajabu katika eneo hilo, hata kuweza kutaka wenyeji wahamishwe. Hapo, wenzangu, tusome polepole. Mtu akikodishwa shamba, shamba hubaki chini ya sheria ya nchi. Hati hii, kwa maoni yangu, ilikuwa karibu kuitoa nchi yenyewe.

Je, sheria ya mataifa ilisemaje? Mwaka 1967 mataifa mengi yalitia sahihi Mkataba wa Anga za Juu. Katika mazungumzo yaliyoutangulia, Warusi walitaka kazi za huko juu ziwe za serikali tu; Wamarekani wakataka makampuni nayo yaruhusiwe. Wakapatana katikati. Kampuni yaweza kwenda, lakini lazima ipate ruhusa ya serikali yake na kusimamiwa nayo daima, na ikikosa, serikali ndiyo itakayojibu. Kisha mkataba mwingine wa 1972 ukaeleza habari za fidia, yaani malipo ya hasara. Mkataba huo wasema nchi iliyorusha ndiyo ilipayo, na nchi iliyorusha si ile yenye chombo tu: hata nchi ambayo ardhi yake imetumika yahesabiwa. Rudieni maneno hayo mara mbili. Kampuni ya Wajerumani yarusha, roketi yaangukia jirani, na mwenye kudaiwa aweza kuwa Zaire.

Wala hayakuwa maneno ya karatasi tu. Januari 1978 chombo cha Warusi, Cosmos 954, chenye mtambo wa urani ndani yake, kiliangukia kaskazini ya Kanada. Kanada ikadai dola zake zaidi ya milioni 6. Mwaka 1981 Warusi wakakubali kulipa milioni 3.

Huko Shaba roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977, na ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilirushwa Mobutu mwenyewe akitazama. Ilipanda kidogo, ikapinda, ikaanguka. Wakati huohuo Warusi, na Angola iliyo jirani, walikuwa wakilalamika kwamba pale Wajerumani wanajaribu silaha. Kampuni ikakana. Mwaka 1979 Zaire ikavunja mapatano, na kampuni ikahamia Libya.

Marekani nayo ilijifunza kwa taabu. Mwaka 1982 kampuni moja ya Texas ilirusha roketi yake kutoka kisiwa cha Matagorda, lakini kwanza ilibidi ipige hodi ofisi baada ya ofisi. Ilitakiwa hata kibali cha kupeleka silaha ng'ambo, kana kwamba mbinguni ni nchi ya kigeni! Mwaka 1984 ikatungwa sheria: ruhusa itolewe na wizara moja, ile ya uchukuzi, na mwenye roketi akate bima.

Sasa swali la darasa. Tazameni tena ramani. Kama roketi ile ya tatu ingaliangukia Zambia, ng'ambo ya mpaka, na kuchoma kijiji, Zambia ingalimdai nani: Kayser, Ujerumani, au Zaire? Jadilianeni robo saa. Mwalimu, usitoe jibu kwanza.

Juma lijalo tutakwenda pwani ya Kenya, karibu na Malindi, ambako chombo kiitwacho Uhuru kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Leteni kalamu na daftari. Kwaherini.