Kitambaa na maji ya kunywa: somo kutoka Bangladesh

Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu. Wengi walichota maji ya Ziwa Kivu na kuyanywa hivyo hivyo. Kipindupindu kikaenea, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza pekee watu karibu 50,000 walikufa.

Wakati huo, watafiti Anwar Huq na Rita Colwell, waliofanya kazi Bangladesh, walikuwa wanajua jambo moja: vijidudu vya kipindupindu hushikamana na wadudu wadogo sana wanaoelea majini. Kijidudu peke yake hupenya kitambaa, lakini mdudu aliyembeba ananaswa.

Kila nyumba ya huko ilikuwa na sari, nguo ndefu ya wamama. Ilipokunjwa angalau mara nne, sari kuukuu ilichuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zilizofuliwa sana hulegea na kuziba matundu. Kuanzia 1999 hadi 2002, katika utafiti wa vijiji 65 vya Matlab, wamama wa baadhi ya vijiji hivyo walifundishwa kufunika mtungi kwa kitambaa hicho wanapochota maji, kisha kukisafisha na kukianika juani. Matokeo yalitangazwa 2003: kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48.

Ni karibu nusu, si chote. Vijidudu vinavyoelea vyenyewe hupita, na vile vya kuhara damu havizuiliwi na kitambaa.

Hata mitambo mikubwa inafuata utaratibu huo. Ulaya na Marekani, miji kadhaa hupitisha maji machafu ya vyoo na mifereji kwenye vitambaa maalumu vinavyonasa uchafu mdogo uliobaki. Lakini kabla ya hapo uchafu mzito umeachwa utulie chini, na baadaye mara nyingi vijidudu huuawa kwa klori au kwa mwanga maalumu. Kitambaa ni hatua moja kati ya nyingi.

Kwa familia zilizohama makwao, somo ni hilo. Maji yenye matope hula nguvu ya klori, kwa hiyo kitenge kuukuu kilicho safi, kikikunjwa vizuri juu ya bidoni, kinasaidia dawa ifanye kazi. Baada ya kuchuja, tia klori kwa kipimo ulichoelekezwa, au chemsha. Mwaka 1994 wengi hawakuwa na klori wala kuni. Penye kimojawapo leo, kuchuja peke yake hakutoshi.