Nyigu wa Taita na Vita vya Kabeji

Wahenga walisema kuwa dawa ya moto ni moto. Lakini historia ya kilimo cha kabeji, tangu kisiwa cha Java hadi milima ya Taita katika nchi jirani ya Kenya, yatufundisha kwamba moto usiochagua humteketeza adui pamoja na rafiki.

Adui mwenyewe ni nondo mdogo mwenye alama za almasi mgongoni. Hutaga mayai juu ya majani ya kabeji na sukuma wiki, na viwavi wake huyatoboa majani hayo hata yasifae sokoni. Penye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa majuma machache tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wengi duniani walitegemea dawa ya DDT. Mwaka 1953 ikaripotiwa kutoka Java, nchini Indonesia, kwamba nondo huyu hadhuriki tena na dawa hiyo. Wachache waliostahimili sumu walizaa watoto wastahimilivu kama wao. Dawa nyingine zikaletwa, nazo zikashindwa moja baada ya moja. Mkulima akazidisha kupiga dawa, gharama zikapanda, na mboga ikafika mezani ikiwa na mabaki ya sumu.

Kumbe adui huyo alikuwa na mwindaji wake, nyigu mwembamba aitwaye Diadegma. Jike lake humchoma kiwavi na kumtia yai mwilini. Buu la nyigu hukulia humo, likimla kiwavi kwa ndani, na mwishowe hutoka nyigu mahali ambapo angetoka nondo.

New Zealand ilimchukua nyigu huyo kutoka Uingereza mwaka 1936. Kutoka New Zealand alipelekwa Java, lakini huko dawa kali zilimwua yeye kabla ya kumshinda kiwavi. Alistawi pale tu wakulima walipopunguza dawa hizo na kutumia ile itokanayo na bakteria, ambayo humwua kiwavi na kumwacha nyigu salama.

Somo hilo lilizingatiwa Kenya. Mwaka 2002 wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970, walimwachia huru Diadegma aliyetoka Taiwan huko Taita, na baadaye Limuru. Katika muda wa miaka mitatu, wastani wa viwavi ulishuka kutoka zaidi ya 5 kwa kila mche hadi chini ya 1. Kwa kuwa nyigu huyo hupendelea nyanda za baridi, kwa sehemu za joto kama Yatta aliletwa nyigu wa aina nyingine, Cotesia, kutoka Afrika Kusini.

Ndugu askari, vikosi vingi vina bustani zake, nanyi mwajua vema kuliko raia kwamba asiyemtambua adui wake huwapiga wenzake. Basi kabla ya kubeba bomba la dawa, geuza majani uyatazame. Ukiwaona nyigu wembamba wakizunguka miche yako, zuia mkono. Hao ni walinzi wako. Hawadai mshahara wala posho. Wanachoomba ni kutouawa na yule wanayemlinda.