Saratani Inayojificha Kichwani

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini yapo maradhi yasiyofichwa na mgonjwa, hujificha yenyewe. Limfoma ya ubongo ni mojawapo. Ni saratani ya nadra ya chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, inayoota ndani ya ubongo bila kwanza kuonekana shingoni wala kwapani.

Mwaka 1929 daktari Percival Bailey wa Marekani alieleza uvimbe wa namna hii, akauita sarkoma. Wengine walidhani umezaliwa na chembe za ubongo wenyewe, wakaupa jina jingine. Ilichukua kama nusu karne kuthibitisha kwamba mkosaji ni chembe nyeupe ya damu. Na asiyemjua adui hajui silaha ya kumpiga.

Sehemu ya ufumbuzi ilitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya. Wiki chache baadaye akamkuta mwingine Jinja, akaanza kufuatilia. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kimoja kilicheleweshwa na ukungu. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, kikadhaniwa kimeharibika. Kumbe ni chembe za saratani zilizokuwa zikielea, hai! Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe za saratani hiyo.

Ukimwi ulipozuka miaka ya 1980, limfoma ya ubongo iliongezeka, na kirusi kile kile kikakutwa karibu katika kila uvimbe wa wagonjwa hao. Watu wengi mno tunakibeba bila madhara. Kinga ikianguka, ndipo kinapopata nafasi.

Na tiba je? Mionzi iliyeyusha uvimbe, lakini mara nyingi ulirudi. Dawa nyingi hazivuki ukuta unaoulinda ubongo. Metotreksati, ikitolewa kwa kipimo kikubwa na kufuatiwa na dawa ya kuuokoa mwili, huvuka. Hiyo ndiyo nguzo ya tiba hadi leo.

Lakini upo mtego. Dawa za steroidi huupunguza uvimbe upesi, mgonjwa akadhani amepona. Daktari akikata kipande cha kupima baada ya hapo, huenda asikute kitu, na maradhi yakarudi yakiwa hayajatambuliwa. Ndiyo maana, hali ya mgonjwa ikiruhusu, kipande hutangulia, steroidi hufuata.

Basi mzee akianza ghafla kusahau, tabia ikabadilika, au mkono mmoja ukalegea, tusikimbilie kusema karogwa au ni uzee tu. Burkitt aligundua alichogundua kwa sababu alipomwona mtoto wa pili hakusema ni bahati mbaya. Alijiuliza. Nasi tujiulize mapema, tumpeleke mgonjwa hospitali.