Kipimo cha Sukari na Umbali wa Lionja

Watu wanapohadithia tarehe ya kisukari hupenda kuanza na insulini, na wana haki, kwani kabla ya Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, kudungwa dawa hiyo mjini Toronto mwezi wa Januari 1922, mtoto aliyepatwa na maradhi haya alikuwa akihesabiwa siku zake tu. Lakini ipo tarehe ya pili, isiyotajwa sana, nayo ni ya kipimo, yaani jitihada ya wanadamu, karne baada ya karne, kutaka kujua ni sukari kiasi gani imo mwilini mwa mgonjwa, na ni nani aijue, na aijue saa ngapi. Ukiitazama tarehe hii ukiwa Lionja, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, utaona jambo ambalo mkazi wa mji mkuu aghalabu halimpitii moyoni, kwamba habari yake yote ni habari ya umbali baina ya mgonjwa na kipimo chake.

Zama za kale kipimo kilikuwa wadudu na ulimi. Matabibu wa Bara Hindi waliandika kuwa mkojo wa wagonjwa wengine huvuta sisimizi, na hata leo mzee wa kijijini akiwaona sisimizi wamekusanyika mahali alipokojoa mtu huingiwa na wasiwasi. Katika karne ya 17 Thomas Willis wa Uingereza aliuonja mkojo akaukuta mtamu. Na mwaka 1776 Matthew Dobson, tabibu wa Liverpool, aliuchemsha mpaka ukakauka, akaona sukari imebaki chini, kisha akatambua kuwa hata majimaji ya damu yana utamu, ndipo ilipodhihiri kuwa maradhi haya hayakuwa ya figo peke yake.

Mwaka 1908 Mmarekani Stanley Benedict alitangaza dawa ya buluu iliyotengenezwa kwa mrututu na magadi, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tegemeo la maabara za hospitali. Mpimaji alitia mililita 5 za dawa hiyo katika kichupa chembamba cha kioo, akadondosha matone 8 ya mkojo, akakichemsha, akangoja: ikibaki buluu, hakuna sukari, ikigeuka kijani, ipo kidogo, ikiwa ya njano, imezidi, na ikigeuka nyekundu kama tofali lililochomwa, ni nyingi mno. Lakini mkojo huleta habari iliyokwisha kupita, tena hausemi neno juu ya sukari iliyoshuka, ambayo ndiyo iuayo kwa haraka zaidi. Fauka ya hayo, kazi ya namna hiyo ilihitaji hospitali, na kwa watu wengi wa kusini hospitali ilikuwa Ndanda, ambako Wabenediktini walijenga misheni mwaka 1906. Mtu wa Lionja hakuwa na budi kulifuata jibu lake huko, au Nachingwea mjini, au kukaa bila jibu.

Katikati ya miaka ya 1960 vikaja vijiti vya kupimia tone la damu, na baada yake mashine ya kuvisoma, nzito, iliyotengenezwa kwa ajili ya madaktari tu. Hapa pana kisa kimoja kinachostahili kukumbukwa kuliko majina ya wavumbuzi wengi: mhandisi wa Marekani, Richard Bernstein, mgonjwa wa kisukari tangu utotoni, aliitaka mashine hiyo akakataliwa kwa kuwa hakuwa daktari, basi akaipata kwa jina la mkewe, aliyekuwa daktari, akaanza kujipima mwenyewe nyumbani mara kadhaa kwa siku. Kwa maoni yangu hilo ndilo geuko kubwa katika tarehe hii yote, kwani tangu hapo kipimo kilianza kutoka mikononi mwa tabibu na kuingia mikononi mwa mwenye maradhi.

Hapa kwetu, daktari Donald McLarty na wenzake wa hospitali ya Muhimbili, akiwamo Andrew Swai, waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam tangu mwaka 1981. Chama cha Kisukari Tanzania kikaundwa mwaka 1985. Na mwaka 1989 McLarty na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 6,000 wa vijiji sita vya Tanzania, ambao kati yao wenye kisukari hawakufikia hata mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Mahesabu hayo mawili hayakufanywa kwa njia moja wala mahali pamoja, hata hivyo hayaruhusu mtu kuendelea kusema kuwa kisukari ni maradhi ya matajiri wa mjini.

Na mgonjwa wa kijijini hupimwaje? Huamka alfajiri bila kula, akapanda bodaboda kwenda kliniki, akadungwa kidole, namba ikaandikwa katika daftari lake, akarudi. Namba ile ni ya asubuhi moja katika mwezi mzima. Haijui uji wa jana, wala ugali wa muhogo wa jioni, wala jua la palizi ya ufuta, wala saa nane ya usiku alipoamka akitetemeka na jasho limemtota. Mwenye mashine yake nyumbani yu afadhali, maadamu vijiti havijamwishia, navyo huisha upesi kwa bei isiyohimilika.

Ili kuziba pengo hilo kimekuja kipimo cha namna nyingine, sensa, yaani kifaa kinachovaliwa mwilini na kupima sukari mfululizo. Msingi wake uliwekwa mwaka 1962, wakati Leland Clark na Champ Lyons walipoonyesha kuwa kimeng'enya kikifungwa juu ya kijiti cha umeme huweza kuigeuza sukari iwe mkondo wa umeme unaopimika. Ilipita miaka 37 kabla ya sensa ya kwanza ya kupima mfululizo kuruhusiwa Marekani mwaka 1999, nayo ilipima siku tatu tu, na matokeo yakasomwa na daktari baadaye. Mwaka 2014 ikaingia sokoni Ulaya ile ya kisahani kidogo kinachovaliwa nyuma ya mkono kwa siku 14. Mvaaji hufuta ngozi kwa spiriti, akangoja ikauke, akakibandika kifaa kwa mkandamizo mmoja. Sindano huingia na kutoka papo hapo, ikaacha chini ya ngozi uzi laini wa takriban milimita 5, ambao hausomi damu yenyewe bali majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili, na kwa sababu hiyo jibu lake huchelewa dakika chache nyuma ya damu. Ndiyo maana mtu anayehisi sukari imeshuka, ilhali kisomeo au simu inayokisoma kifaa yaonyesha salama, yampasa adunge kidole.

Huku Afrika ya Mashariki watafiti waliwavalisha sensa hizo watoto na vijana wa Kenya na Uganda, na ripoti yao ya mwaka 2020 ilionyesha sukari ikipanda na kushuka mno, katika saa ambazo hakuna aliyekuwa akizitazama.

Kwa maisha ya Lionja kifaa hiki kina mashaka yake. Jasho la msimu wa korosho hulegeza gundi. Mkanda wa kikapu au mtoto aliyebebwa mgongoni huweza kukibandua. Simu inayoweza kukisoma si kila mtu anayo, na umeme wa kuichaji si wa kila nyumba. Bei ya kisahani kimoja cha wiki mbili humshinda mkulima wa kawaida. Tena kwa anayetegemea insulini hakifai kitu bila dawa hiyo, ambayo wengi wasio na jokofu huihifadhi ndani ya chungu cha udongo chenye ubaridi wa maji. Nachingwea yenyewe ilikwisha ona, katika mradi wa karanga wa Waingereza wa miaka ya 1947 hadi 1951, mitambo mikubwa ikiletwa kwa kishindo kisha ikaachwa, na baadaye reli ya kutoka Mtwara ikafungwa. Sensa zikiletwa kwa msimu mmoja wa ufadhili na kukatika, zitamwacha mgonjwa na mazoea asiyoweza kuyaendeleza.

Hata hivyo siafikiani na wasemao kuwa chombo hiki ni cha Ulaya na cha Oysterbay ya Dar es Salaam, na kwamba kijiji kingoje. Aliye karibu na maabara na daktari anaweza kupimwa tena leo jioni, na kesho pia. Aliye Lionja hawezi, na kwa hiyo haja yake ya kipimo kinachokaa mwilini ni kubwa kuliko ya mwenzake wa mjini. Kisomeo cha sensa za namna hii huweza kuhifadhi vipimo vya siku 90, mgonjwa akavipeleka kliniki mara moja kwa miezi mitatu, daktari akazikagua saa za usiku na za shambani, ndipo akaamua dozi ya jioni ipunguzwe au iachwe kama ilivyo. Ugawaji wa sensa uanze na watoto wanaodungwa insulini kila siku, ambao sukari ikiwashuka usingizini hawawezi kumwita mtu, na vijiti vya zahanati visipunguzwe kwa ajili hiyo.