Treni ya Kauboi na Sisi wa Old Korogwe

Wadau, kule California kuna bustani ya michezo iitwayo Knott's Berry Farm. Tangu 1952 watu wanapanda treni ya mvuke ya enzi za makauboi. Injini zake ni za kweli, zimeundwa 1881. Njiani majambazi wa kuigiza wanaiteka, watoto wanacheka. (Wenyeji walioporwa ardhi reli ilipopita hawamo kwenye mchezo huo.)

Yetu Wajerumani waliifikisha Korogwe 1902, kwa ajili ya mashamba ya walowezi. Tuliirithi, tukaizoea. Halafu miaka ya 1990 treni ya abiria ikakatika, jamani, mpaka Desemba 2019! Wenzetu wametunza treni ya kuchezea tu. Miaka yote hiyo mama wa Korogwe aliyekwenda Moshi na mzigo wake alitegemea basi.